Mama Maini na Marufuku ya Protini

Wifi yangu anaitwa Mama Maini, na hajazaa mtoto wa jina hilo. Jina alipewa na wateja wa bucha lake, kwa sababu nyama iliposhushwa asubuhi, maini aliyaweka pembeni kwa ajili ya wajawazito wa mtaani, na mwanamume yeyote aliyethubutu kuyaulizia alijibiwa, "Mimba yako ina miezi mingapi?" Bucha lenyewe ni chumba kimoja chenye vigae vyeupe ukutani, ndoano za chuma darini, na gogo la kukatia lililobonyea katikati kwa mapigo ya miaka. Alisimama nyuma ya gogo hilo tangu alipoolewa na kaka yangu, na kwa upanga hakuna mwanamume aliyemfikia.

Kaka yangu ni fundi wa redio na feni. Ni mpole kiasi cha kukera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Nawapenda wote wawili, lakini kama ungeniuliza nani mume na nani mke katika nyumba ile, ningekuambia ukaulize buchani.

Uvimbe aliuona mwenyewe, siku alipokuwa akifunga kamba ya aproni. Kidole kiligusa kitu kigumu upande wa titi la kushoto, kidogo kama harage, kimeshika pale pale hakitelezi. Alimaliza kuhudumia wateja, akafunga bucha mapema, akanijia mimi kwenye cherehani yangu, mtaa wa pili. "Wifi, nisindikize hospitali," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kusindikizwa sokoni.

Wakamkata kipande kidogo cha ule uvimbe, kikaenda maabara, majibu yakarudi. Ilikuwa kansa, na tayari ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapani. Daktari wake alikuwa binti mdogo tu, mwenye miwani mikubwa iliyomfanya aonekane anashangaa muda wote. Mimi na wifi tukamwita Miwani, kwa siri. Alitueleza taratibu kwamba kansa ziko za aina nyingi, na seli za hii ya wifi yangu zimejaza aina moja ya protini kwenye ngozi zao za nje. Protini hiyo hupokea amri ya kukua na kusambaa, kama antena zilizosongamana juu ya paa moja. "Hiyo ndiyo mbaya yake," akasema Miwani, "lakini ndiyo bahati yetu pia. Ipo dawa inayokwenda kukaa juu ya zile antena na kuziziba. Tutaanza na dripu za dawa kali ya kansa, uvimbe unywee, halafu upasuaji, halafu tutaendelea na dawa ya antena."

Mama Maini alielewa. Alitoka pale amenyooka. Dripu ya kwanza ikamlaza, akaamka. Nywele zikaanza kubaki kwenye mto, akafunga kilemba. Mambo yalikuwa magumu lakini yalikuwa kwenye mstari, mpaka alipoingia Taarifa.

Taarifa ni kaka yake mkubwa. Alistaafu kwenye ofisi ya kugonga mihuri, na tangu astaafu hana cha kugonga isipokuwa vichwa vya watu. Kila sentensi yake huanza na "Kwa taarifa yako," ndiyo maana tukamwita hivyo. Hujui bei ya saruji? Atakupa. Unaumwa goti? Atakuambia ni kwa sababu unalala ubavu wa kulia. Yote huyapata kwenye simu yake, na kwenye simu husoma kichwa cha habari peke yake. Habari yenyewe haigusi. Ni kama mtu anayelamba kifuniko cha sufuria, halafu anajipangusa mdomo na kusema chakula kilikolea chumvi.

Basi siku moja, akiwa amekaa kwa kinyozi akingoja zamu, akakutana na kichwa cha habari: Wanasayansi Wabaini Protini Zinazosambaza Saratani ya Matiti. Hakunyolewa. Alifika nyumbani kwa kaka yangu na ndevu zake, simu ameinyanyua juu kama mwenge.

"Kwa taarifa yako, shemeji," akamwambia kaka yangu, "mke wako anauawa na kazi yake. Nyama ni nini? Protini! Maini ni nini? Protini tupu! Ugonjwa huu umetoka kwenye gogo lile."

"Lakini shemeji," kaka yangu akajaribu, "daktari hakutuambia..."

"Atawaambia nini? Huu ni utafiti wa juzi. Yule mtoto alisoma lini?"

Kaka yangu akarudi kwenye feni aliyokuwa akiitengeneza. Siku hiyo hiyo marufuku ikatangazwa. Nyama nje. Mayai nje. Samaki, maziwa, maharage, karanga, kunde, vyote vikatolewa jikoni na kutiwa kwenye boksi, na boksi, bila shaka, likaenda nyumbani kwa Taarifa, ambako kansa haikuwepo na protini zingeweza kuliwa bila hatari. Mke wake, mama wa watu aliyekwisha kuzoea kutii, akawekwa jikoni kwa kaka yangu kama askari wa zamu. Kila asubuhi alisaga majani na matango, akamletea mgonjwa jagi la maji ya kijani yenye povu, yanayofanana na maji ya bwawa lililosahauliwa.

Utauliza, mwanamke mwenye mdomo ule alikubalije? Na mimi nilijiuliza, tena kwa hasira. Lakini Taarifa ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na kumpinga ilikuwa kama kumpinga marehemu. Halafu kulikuwa na woga. Mtu akishaambiwa ana kansa, akili inatafuta kitu cha kushika. Dripu unawekewa, wewe umelala tu. Kuacha kula ni kitu unachokifanya mwenyewe. Aliniambia, "Wifi, angalau na mimi nafanya kitu."

Nilimpelekea mchuzi wa samaki kwenye kibakuli chenye mfuniko. Mke wa Taarifa akaunusa mlangoni kama mbwa wa bandarini, akaniuliza, "Unataka kumuua?" Akaumwaga kwenye karo, mbele yangu. Kwenye kundi la simu la ukoo wao, Taarifa akatuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya harusi, akisema wapo "mawifi wanaotumiwa na maradhi." Watu wakajibu kwa vidole gumba na mikono ya kuomba dua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa amekula nini.

Sifa zikamlevya. Redio moja ya mtaani, ile inayocheza matangazo ya magodoro kutwa nzima, ikamwita asubuhi kuzungumza. Mtangazaji akamtambulisha kama "mtaalamu wetu wa lishe." Mtaalamu! Mtu ambaye hajawahi kuchemsha yai, kwa sababu hajui maji yanawekwa kabla au baada. Akaongea kuhusu protini kama mtu anayemsema jirani mwizi. Akamtaja dada yake pia. Alisema seli zake za kansa "zimeanza kufa njaa."

Kufa njaa, alikuwa akifa njaa dada yake. Mashavu yakaingia ndani. Kilemba kikawa kikubwa kuliko uso. Bucha likafungwa, kwa sababu hakuweza kusimama, na Taarifa akasema hewa ya mle ndani ina protini pia. Tulipokwenda kwa dripu iliyofuata, muuguzi akampima damu, akatikisa kichwa, akaturudisha nyumbani: damu haitoshi, mwili hautahimili. Tukarudi baada ya muda, tukarudishwa tena. Mara hii alituita Miwani mwenyewe.

"Mama, umepungua sana," akasema. "Chakula kinapanda? Unatapika?"

"Sitapiki," akasema Mama Maini. "Nimeacha protini."

Miwani akaweka kalamu chini. "Umeacha nini?"

"Protini. Si ndizo zinazosambaza?"

Nilimwona yule binti akivuta pumzi na kuishikilia. Nadhani kulikuwa na maneno mengi yaliyotaka kutoka, na akayachuja. Alivuta kiti, akakaa karibu na wifi yangu, akaanza kumweleza.

"Sikiliza mama. Protini ukila, tumbo linaivunja vipande vidogo vidogo, na mwili unavitumia vipande hivyo kujenga vitu vyake: misuli, damu, askari wa mwili. Haitoki kwenye sahani ikaenda kukaa kwenye titi. Zile wanazozisema kwenye utafiti ni protini ambazo seli ya kansa inajitengenezea yenyewe, humo humo ndani. Seli nzuri za titi zimeshikana, kuna protini inayozigandisha moja kwa nyingine kama gundi. Seli ikiharibika, inaiachia ile gundi. Halafu ndani yake inajenga nyuzi za protini zinazosukuma ubavu wake wa mbele, upande wa nyuma unavutwa unafuata, na hivyo ndivyo inavyotambaa. Protini nyingine inazimwaga nje ziyeyushe nyama inayoizuia, mpaka inafika kwenye mshipa wa damu. Hapo inapata usafiri."

"Inatambaa," Mama Maini akarudia.

"Inatambaa. Na wewe hata ukikaa bila kula, haikomi. Ikikosa vipande kutoka kwenye chakula, inajichotea kwako. Msuli wako unayeyuka, yenyewe inajenga."

Wifi yangu alitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa ikipasua paja la ng'ombe kwa mapigo mawili, na sasa vifundo vyake vilikuwa vimechomoza. "Kwa hiyo," akasema, "mimi nimefunga, kansa inafuturu."

Miwani hakucheka. "Nani aliyekuambia uache?" akauliza.

"Kaka yangu."

"Njoo naye."

Taarifa alikuja. Alivaa tai. Nadhani aliamini anakwenda kutoa mhadhara, na kweli alianza kuutoa kabla hajakaa. "Kwa taarifa yako, daktari," akasema, "sayansi imekwenda mbele. Ninyi bado mnatumia vitabu. Huu hapa ni utafiti mpya kabisa." Akamwekea simu mezani.

"Vizuri sana, mzee," akasema Miwani. "Habari umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Nisomee na mimi. Kichwa nimekiona, anza chini yake."

Taarifa akavaa miwani yake ya kusomea. Akasafisha koo. Akasoma, kwa sauti ileile ya redioni, kwamba wataalamu wamechunguza protini kadhaa ambazo "hutengenezwa na seli za saratani zenyewe." Hapo sauti ikashuka. Akaruka mstari.

"Umeruka, mzee," Miwani akasema kwa upole. "Rudi."

Akarudi. Akasoma kwamba matumaini ni kupata dawa zaidi za kuzizuia protini hizo, na kwamba baadhi ya dawa za namna hiyo tayari zinatumika hospitalini. Mwisho kabisa habari ilisema utafiti huo ulifanyika kwenye vyombo vya maabara na hauhusiani na vyakula. Ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa imeandikwa muda wote ule, chini kidogo tu ya kichwa, mahali ambapo kidole chake hakijawahi kufika.

Unafikiri aliomba radhi? Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema, "Hiyo ni tafsiri tu."

Mama Maini akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka muuguzi akaleta maji. Alipotulia alimuuliza muuguzi duka la chakula liko upande gani. Tulikwenda polepole, yeye ameniegemea, Taarifa nyuma yetu akiendelea kueleza jambo kuhusu wafasiri. Wifi akaagiza mayai ya kuchemsha. Akayamenya mwenyewe, bila haraka, akayala akimtazama kaka yake usoni, hadi kiini cha mwisho. Halafu akasema, "Sasa niambie, kaka. Unaona nasambaa?"

Ningekuwa natunga hadithi, ningeishia hapo, watu wapige makofi. Lakini wale ni ukoo, na ukoo una vikao. Hazikupita siku nyingi wifi akaitwa. Baba yao mdogo, mzee wa makochi yenye vitambaa vilivyopigwa pasi, aliwakusanya wote sebuleni kwake. Nilidhani wameitana kumpa pole mgonjwa. Kumbe mgonjwa ndiye mshtakiwa.

"Mwanangu," baba mdogo akaanza, "umemvunjia heshima kaka yako mbele ya daktari, mtoto wa watu. Hata kama amekosea, amekosea kwa mapenzi. Tunaomba umtake radhi, yaishe."

Shangazi zake wakaitikia kwa miguno ya "kweli, kweli." Taarifa alikaa pembeni, ameinamisha kichwa kama mjane. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyemwangalia yule mwanamke aliyekalia kochi kubwa kama nguo iliyosahauliwa, akauliza kama ana nguvu za kukaa.

Mama Maini akasema, "Baba mdogo, nilikubali kila alichoniambia. Nilikunywa maji ya bwawa. Nilimwacha atangaze titi langu redioni, kati ya godoro na godoro. Kwa mapenzi, mnasema. Sawa. Basi mapenzi hayo yalishindwa kusoma mistari miwili? Sina radhi ya kumtaka. Nikishiba labda nitaipata, lakini nimeanza kula juzi tu."

Shangazi mmoja akaita "Astaghafiru!" Baba mdogo akafungua mdomo. Na hapo akasimama mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, kaka yangu, fundi wa feni, ambaye katika vikao vyote vya ukoo ule alikuwa hajawahi kuongeza neno zaidi ya "tumshukuru Mungu."

"Shemeji," akasema, "mimi nilinyamaza, nikamwona mke wangu akikauka. Sitanyamaza tena. Ukitaka kuja kwangu, njoo mgeni, ule, uondoke. Jikoni usiingie." Halafu, kwa sababu ni yeye, akawaomba radhi wote kwa kukatiza mazungumzo, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Nilibeba mkoba wa wifi nikawafuata. Sijawahi kujivunia kutoka tumbo moja na mtu kama siku ile, na sikumwambia, asije akazoea.

Damu ilipopanda, dripu zikaendelea. Akapasuliwa, wakaondoa titi na tezi za kwapani, kisha wakaendelea na ile dawa ya kuziba antena. Miwani hakumdanganya. Alimwambia muda uliopotea umepotea, na hakuna kipimo cha kuonyesha seli ngapi zilitumia nafasi hiyo kutambaa. Vipimo vya mwisho havikuonyesha kitu mahali pengine. Watu wakija kumpongeza kwamba amepona, anawajibu, "Sijapona. Imeniacha kwanza." Tangu tezi ziondolewe mkono wa kushoto unavimba, kwa hiyo bucha lilipofunguliwa tena aliajiri mkataji, kijana wa miraba minne ambaye kutwa anatukanwa kwa jinsi anavyokata ubavu. Yeye amekaa kwenye kiti kirefu, anaamuru.

Na Taarifa? Mkiambiwa watu wa namna ile huaibika, msiamini. Alirudi redioni. Akasimulia jinsi dada yake alivyopona baada ya kufuata "mfungo wa seli" alioubuni yeye. Dripu hakuitaja, kisu hakukitaja. Sasa amehamia kwenye figo. Anasema maji ndiyo yanayozichosha.

Mwezi uliopita nilimsindikiza wifi kliniki. Kwenye benchi tulimkuta mama mmoja mwembamba, kilemba kimemzidi, miguuni ana chupa ya maji ya kijani, amekaa na binti yake. Mama Maini akaitazama ile chupa, akaniangalia, akasogea karibu naye.

"Dada, hiyo ni dawa?"

"Ni lishe," yule mama akasema. "Protini ndizo zinazosambaza, hukusikia? Kuna mtaalamu alieleza redioni. Dada yake mwenyewe alipona."

Nilidhani wifi atalipuka. Nilishajiandaa kumshika. Lakini alivuta ukosi wa gauni upande wa kushoto, akamwonyesha yule mama mahali palipoachwa tambarare na mshono wake.

"Dada yake ni mimi," akasema. "Na yeye ni mpumbavu. Ngoja nikueleze, halafu tukiingia umuulize daktari kama naongopa."

Akaanza na ile gundi.